Sheli ni Nyingi, Mwenye Sheli ni Nani?



Tafakari ya juma hili inahusu mafuta, wala simaanishi mafuta matakatifu yanayobarikiwa na askofu katika Misa ya Krisma. Namaanisha petroli na dizeli. Wapo watakaouliza paroko anatafuta nini penye pampu. Jibu ni jepesi. Mashine inayosaga mahindi yetu hapa Bendera, trekta linalolima majaruba ya Ndungu, lori linaloshusha tangawizi kutoka Mamba Myamba, na pikipiki inayomkimbiza mama mjamzito zahanati usiku wa manane, hakuna hata kimoja kinachokwenda bila mafuta hayo. Kitu kinachoingia katika unga, mpunga, tangawizi na uzazi kinastahili kusemwa mbele ya waamini, tena kwa sauti.

Nataka kupinga hoja moja inayotolewa kila mara kampuni moja ya mafuta inapoimeza nyingine. Hoja yenyewe ni kwamba mwananchi asihangaike kujua nani kamnunua nani, kwa kuwa bei inapangwa na EWURA, vituo vinaongezeka barabarani mwaka hadi mwaka, na hakuna kampuni iliyofikia kiwango ambacho sheria inakiita kuhodhi soko. Hoja hii ina sura nzuri. Hata hivyo naiona kuwa ni dawa ya usingizi.

Tuanze na lugha yetu wenyewe. Mtanzania akitaka mafuta husema anakwenda sheli. Utasikia sheli ya Total, sheli ya Puma, hata sheli ya mzee fulani mwenye pampu mbili na kibanda. Jina la kampuni moja limekuwa jina la vituo vyote. Hata debe tunalopimia mahindi lina asili hiyo hiyo. Lilikuja pwani likiwa limejaa mafuta ya taa, galoni 4, katika zama ambazo Standard Oil ya Marekani na wapinzani wake waligombania taa za Asia na Afrika. Mafuta yakaisha, bati likabaki, nasi tukaligeuza kipimo. Biashara hii imekuwa ya wachache tangu utoto wake, na alama zake tunazibeba mdomoni bila kujua.

Standard Oil ilianzishwa na John D. Rockefeller mwaka 1870. Ilikua kwa kununua washindani wake mmoja baada ya mwingine, hata ikafika mahali ambapo msafishaji mdogo alikuwa na njia mbili tu, kuuza au kufa. Mwaka 1911 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamuru ivunjwe, ikagawanywa katika kampuni 34. Watoto wake wawili walikuja kujulikana kama Exxon na Mobil. Sasa angalieni yaliyofuata. Mwaka 1998 BP iliichukua Amoco, mtoto mwingine wa Standard Oil. Novemba 1999 Exxon na Mobil zikaungana. Mwaka 2001 Chevron, naye ni wa ukoo ule ule, akaungana na Texaco. Kilichotenganishwa na mahakama kikarudishwa pamoja na wanasheria, kipande kwa kipande, katika muda usiofika miaka 5.

Hata hivyo, katika ndoa ile ya Exxon na Mobil kuna jambo ambalo sisi tungepaswa kuliiga. Mamlaka ya ushindani ya Marekani haikuridhika kuuliza kampuni mpya itakuwa na asilimia ngapi ya soko la nchi nzima. Iliangalia eneo kwa eneo, jimbo kwa jimbo, ikaona mahali ambapo watu wangebaki bila muuzaji wa pili wa maana, ikalazimisha vituo 2,431 viuzwe au viondoke mikononi mwa kampuni hizo kabla ya kutoa ruhusa. Nitalirudia jambo hili baadaye.

Sasa tuje nyumbani. Katika nchi yetu kampuni kubwa za zamani hazikuja kuungana mbele ya macho yetu. Zilikuwa zikiondoka, na katika kuondoka kwake vituo vikapita mikononi mwa wengine. Novemba 2010 BP ilitangaza kuiuzia Puma Energy hisa zake katika nchi 5 za Afrika, Tanzania ikiwemo, na BP Tanzania ikawa Puma Energy Tanzania. Shell iliuza sehemu kubwa ya biashara yake ya vituo barani Afrika kwa Vitol na Helios, wakaanzisha Vivo Energy mwaka 2011. Kobil ya Kenya ilipoondoka nchini mwaka 2015, vituo vyake vilichukuliwa na Engen. Mwaka 2019 biashara ya Engen nchini ikachukuliwa na Vivo. Mwaka 2022 Vivo yote ikawa mali ya Vitol. GAPCO, ambayo wengi wenu mnaikumbuka barabarani, ilinunuliwa na Total mwaka 2017, ikiwa na vituo vyake vya Tanzania, Kenya na Uganda pamoja na maghala ya Mombasa na Dar es Salaam. Nayo Puma, tangu mwaka 2021, karibu yote imekuwa ya Trafigura.

Msomaji asichoke na majina hayo, maana ndani yake ndimo jambo lenyewe lilimo. Vitol na Trafigura ni wachuuzi wa dunia. Kazi yao kubwa ni kununua shehena baharini na kuiuza penye bei nzuri. Zamani mwenye meli na mwenye pampu walikuwa watu wawili, na kila mmoja alivutia kamba upande wake. Mwenye pampu alipiga kelele mwenye meli alipozidisha, kwa sababu yeye ndiye aliyekutana uso kwa uso na mteja. Leo mara nyingi ni nyumba moja. Akipungukiwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia umepata.

Watetezi watasema kwamba Tanzania ina dawa ya hilo. Tangu mwaka 2012 mafuta yetu yanaagizwa kwa pamoja. Mahitaji ya kampuni zote hukusanywa, zabuni hutangazwa, na anayekubali malipo madogo zaidi ya kuleta shehena ndiye anayeshinda. Nakiri kwamba utaratibu huu ni bora kuliko ule uliotangulia, ambapo kila mmoja alileta kimeli chake, meli zikapanga foleni nje ya bandari, na gharama za kungoja zikaongezwa katika lita. Nakiri pia kwamba kuitumia bandari ya Tanga kumetufaa sisi wa kaskazini. Lakini tufikiri hatua moja mbele. Ikiwa lita ya kila kampuni imegharimu sawa inaposhuka melini, basi ushindani umebaki mahali pawili tu: penye zabuni, na penye pampu. Hapo ndipo penye uhai wote wa soko letu. Nyumba chache zikishika sehemu hizo mbili kwa wakati mmoja, hakuna mahali pa tatu pa kukimbilia.

Kuna bei kikomo, wanasema. EWURA hutangaza kila mwezi, Jumatano ya kwanza, wilaya kwa wilaya, na anayezidisha huadhibiwa. Ni kweli, na namshukuru Mungu kwa utaratibu huo, ulioanza mwaka 2009 baada ya miaka ya soko huria lisilo na breki. Lakini kikomo maana yake ni dari. Matangazo yale yale ya EWURA hukumbusha kwamba kampuni ziko huru kuuza chini yake. Basi mtu apite barabara kuu kutoka Mkomazi hadi mjini Same asome mabango ya vituo, kisha ajiulize ni vingapi vinavyoutumia uhuru huo, na kwa senti ngapi. Dari limegeuka kuwa sakafu ya pili. Mamlaka inaweza kumzuia mfanyabiashara asizidishe. Kumfanya apunguze, hiyo ni kazi ya jirani yake anayeuza kitu kile kile ng'ambo ya barabara, na jirani huyo akiwa ndugu wa tumbo moja, kazi hiyo haifanyiki.

Nani kati yetu amesahau Agosti 2011? EWURA ilishusha bei ya petroli kwa takribani asilimia 9. Siku ile ile, kana kwamba kengele moja imepigwa, pampu nyingi nchini zikakauka. Mafuta yalikuwapo maghalani, watu wakapanga foleni na madumu, Bunge likiwa Dodoma likawaka moto. EWURA ilisimamisha kwa miezi 3 leseni ya BP Tanzania ya kuuza kwa jumla. Katikati ya mwezi ule ule bei ikapandishwa tena. Sidai kwamba kulikuwa na kikao cha siri. Ushahidi wa namna hiyo sina. Nasema jambo lililo wazi kwa kila aliyeshika dumu siku zile, kwamba wauzaji wakiwa wachache hawahitaji hata kukaa kikao. Inatosha kila mmoja atazame mlango wa mwenzake. Mwaka 2023, kati ya Julai na Septemba, tulionja tena ladha ya jambo hilo. Bei ilitarajiwa kupanda, ikapanda kweli mwezi Agosti kwa zaidi ya shilingi 400 kwa lita kwa mkupuo mmoja, na kabla ya hapo mafuta yakaadimika katika mikoa mingi. EWURA ilivifungia baadhi ya vituo kwa miezi 6 kwa kuficha mafuta.

Katika kisa cha 2011 kuna kitendawili ambacho hakikuzungumzwa vya kutosha. Nusu ya BP Tanzania ilikuwa mali ya serikali. Mwenye kuadhibu na mwenye kuadhibiwa walikaa meza moja ya hisa. Hadi leo serikali ina nusu ya Puma Energy Tanzania, na hupokea gawio lake kwa hundi kubwa ya maonyesho mbele ya wapiga picha. Ina nusu ya TIPER pia, kile kiwanda cha Kigamboni kilichoanza kusafisha mafuta mwaka 1966 na kuacha mwaka 1999, ambacho sasa ni maghala, na nusu nyingine ni ya Oryx. Mimi si mpinzani wa mali ya umma. Mtu wa Tanzania aliyekulia chini ya Azimio la Arusha hawezi kusema hivyo kirahisi. Lakini refa mwenye hisa katika timu moja anahitaji kutazamwa na mashabiki wote, hata kama ni mtu mwema. Gawio linalotangazwa kwa shangwe limetoka pia katika lita ya bodaboda wetu.

Tugeuke kidogo tumtazame jirani. Uganda ilichoshwa na mafuta ya kupitia mikono ya wafanyabiashara wa Kenya, hasa baada ya Kenya kuingia mwaka 2023 katika mpango wa kununua kwa mkopo kutoka kampuni za Ghuba. Malalamiko ya Uganda yalikuwa ya haki. Lakini tazameni dawa iliyochaguliwa. Tangu Julai 2024 kampuni ya taifa, UNOC, ndiyo mwagizaji pekee, na anayeiletea ni Vitol peke yake. Vitol huyo huyo ndiye mwenye Vivo, na Vivo ndiyo inayoendesha vituo vyenye alama ya Shell nchini Uganda. Anayeleta shehena yote ya taifa ni mwenye mtandao mkubwa wa pampu, na wauzaji wadogo wanaoshindana naye barabarani wananunua mafuta yanayotoka katika mlango wake. Yamkini mpango huo umeleta unafuu fulani wa bei, na kama umeleta, heri. Swali langu ni juu ya mwaka wa 10 wa mkataba wa namna hiyo, wadogo watakapokuwa wamechoka na kuuza vituo vyao, na mnunuzi aliye tayari ni mmoja.

Hapa nyumbani Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza muungano unaojenga au kuimarisha nguvu ya kuhodhi soko, na wakati GAPCO na Engen zinanunuliwa kipimo chake kilikuwa sehemu inayozidi asilimia 35. Tume ya Ushindani, yaani FCC, ndiyo inayopima, na asiyeridhika hukata rufaa kwenye Baraza la Ushindani. Kwamba sheria hii ina meno tuliona katika saruji. Kampuni ya Scancem, ya ukoo mmoja na Twiga Cement, ilitaka kununua asilimia 68.33 ya Tanga Cement. Tume ikaruhusu mwaka 2022. Mshindani mmoja na chama cha kutetea walaji wakakata rufaa, na Septemba 2022 Baraza likauzuia muungano huo. Magazeti yakachemka, wabunge wakasema, hata vijiweni watu wakajifunza neno ukiritimba. Mwaka 2023 kibali kikapatikana kwa njia mpya, na mwaka 2024 Scancem ikauza hisa nyingi za Tanga Cement kwa Amsons, kundi la Kitanzania ambalo kabla ya saruji lilijulikana kwa mafuta. Mwisho wake kila mtu ana maoni yake. Kilichonifurahisha mimi ni kwamba angalau nchi iligombana. Kwa mafuta, yanayoingia katika kila mfuko wa saruji na kila debe la mahindi, hatukugombana. GAPCO ikaondoka, Kobil ikaondoka, Engen ikabadili mwenyewe, nasi tukaendelea kusema twende sheli.

Watasema ni kwa sababu hakuna aliyefika asilimia 35. Hapa ndipo ninapokataa kabisa. Asilimia 35 ya wapi? Mtu wa Bendera hanunui mafuta katika soko la Tanzania. Hawezi kwenda Kariakoo kulinganisha bei. Ananunua katika barabara moja, hii inayotoka Same kupitia Kisiwani, Maore, Ndungu na Kihurio hadi kwetu na kutokea Mkomazi, na aghalabu ananunua lita moja ndani ya chupa ya maji iliyoning'inizwa kwenye mti, kwa bei ambayo jedwali la EWURA haliifahamu. Lori la mafuta lililotoka bandari ya Tanga hupita njia panda ya Mkomazi likielekea Same, nasi tunaufuata mzigo huo kwa pikipiki na madumu. Katika soko la namna hii kampuni yenye asilimia 12 ya nchi inaweza kuwa na asilimia 100 ya barabara. Na sheria yetu haikulisahau jambo hilo. Imesema wazi kwamba soko ni Tanzania au sehemu ya Tanzania. Maneno hayo matatu ya mwisho yamelala usingizi katika vitabu kwa zaidi ya miaka 20. Marekani waliyaamsha ya kwao walipohesabu vituo 2,431. Sisi tunangoja nini?

Kanisa halikuanza kulisema jambo hili leo. Papa Pius XI, katika waraka wake Quadragesimo Anno wa mwaka 1931, alieleza kwamba ushindani ulioachiliwa bila mipaka hujiua wenyewe, ukaacha nyuma yake mamlaka makubwa ya uchumi mikononi mwa watu wachache, ambao mara nyingi hata si wenye mali bali ni watunzaji wa fedha za wengine. Miaka 60 baadaye Papa Yohane Paulo II, katika Centesimus Annus, alitambua haki ya dola kuingilia kati pale ukiritimba unapozuia maendeleo. Nayataja kwa ufupi kwa sababu wapo waamini wanaodhani kwamba kusema juu ya kampuni ni siasa. Nabii Amosi alisema juu ya mizani na vipimo vya wauza nafaka, na hakuna aliyemwondoa katika Biblia kwa sababu hiyo.

Ipo hoja ya upande wa pili ambayo naiheshimu. Husemwa kwamba kampuni kubwa ndizo zinazouza mafuta safi, na wadogo ndio walioleta uchakachuaji. Tunakumbuka jinsi mafuta ya taa yalivyochanganywa katika dizeli, magari yakafa, hata ikabidi kuanzia mwaka 2010 mafuta yatiwe vinasaba, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa mno ili kuondoa kishawishi. Kwa maneno mengine, bibi mwenye kibatari alilipishwa dhambi ya mchakachuaji. Ni kweli kwamba udogo si utakatifu. Lakini ubora hulindwa kwa ukaguzi na vinasaba, na vyote viwili vipo tayari na tunavilipia. Kumkabidhi mkubwa barabara nzima ili asichakachue ni kama kumpa mlinzi shamba lote ili asiibe mahindi.

Wala sisemi kila muungano uzuiwe. BP ilipotaka kuondoka, ilikuwa lazima mtu anunue, vinginevyo pampu zingefungwa. Nasema kila muungano uulizwe maswali mahali ambapo mafuta yanauzwa, na uulizwe kabla.

Sisi mapadre tuna uzoefu katika jambo hili. Watu wawili wakitaka kufunga ndoa, hutangazwa kanisani Dominika tatu, kwa majina yao, kwa lugha ambayo bibi wa mwisho benchi la nyuma anaielewa, na kila mwenye kujua kizuizi anawajibika kusema. Kampuni nazo hutangazwa. Tume hutoa tangazo na kuwaalika wenye maslahi watoe maoni. Lakini tangazo hilo hukaa katika kona ya gazeti la mjini, kwa lugha ya wanasheria, na mwenye maslahi anayeeleweka hapo ni kampuni nyingine. Mwendesha bodaboda wa Bendera, ambaye sehemu nzuri ya kipato chake cha siku inarudi kwenye tangi, haingii akilini mwa yeyote kuwa ni mwenye maslahi. Ndoa ya namna hiyo, yenye tangazo ambalo parokia haikulisikia, sisi tungeihoji.

Basi nayaomba mambo mawili, na viongozi wa jumuiya ndogondogo wayajadili kabla ya kikao kijacho cha halmashauri ya walei. La kwanza, Baraza la Ushauri la Watumiaji, lile la EWURA, lina wajibu wa kusema kwa niaba yetu. Tuliandikie kwamba siku kampuni yoyote yenye vituo mkoani Kilimanjaro au Tanga itakapotaka kununua nyingine, tangazo libandikwe kwenye ofisi za kata kwa Kiswahili, na maoni yapokelewe huku huku. Kadhalika tuulize juu ya ile mikopo ya REA ya kujenga vituo vya mafuta vijijini: nani katika tarafa yetu ameipata, na kama hakuna, kikwazo ni kipi. Muuzaji mmoja wa ziada katika barabara hii, mwenye pampu halali na bango la bei, atatufaa kuliko hotuba nyingi, ikiwemo hii yangu.

La pili ni dogo zaidi, na halihitaji sheria mpya. EWURA inayo orodha ya leseni za vituo, wilaya kwa wilaya, yenye jina la kampuni iliyopewa leseni. Iongezwe safu moja katika orodha hiyo: jina la mmiliki wa mwisho, yule aliye juu ya kampuni iliyo juu ya kampuni. Kisha orodha ya Wilaya ya Same ibandikwe mahali ambapo watu wanaweza kuisoma, nasi tutahesabu wenyewe.